Mboni za Baba Faith

Jumamosi hiyo Jemutai wa mtaa wa Langas alikuwa na haraka. Alichuma managu, yaani mboga ya mnavu, nyuma ya posho mill ya kusaga unga, kwenye ploti ambayo mwenyewe ameiachia magugu miaka nenda miaka rudi. Alichuma kwa viganja, hakuchagua. Akachemsha, akaunga kwa maziwa. Mumewe Amos, mpakiaji wa magunia ya mahindi, alikula saa sita akafuta sahani.

Saa nane hali ya Amos ikabadilika.

"Mama Faith, maji. Mdomo umekauka."

Alikunywa, lakini mate hayakuja. Uso ulikuwa mwekundu, ngozi ya moto bila tone la jasho. Kisha akaanza kuokota hewani vitu visivyokuwepo.

"Baba Faith, unaokota nini?"

"Wewe ni nani? Nani amekuleta kwangu?"

Jemutai alimtazama machoni. Mboni zilikuwa zimepanuka mpaka zikameza rangi yote ya kahawia. Ni kama aliyekuwa akimtazama si mumewe.

Kibet, ndugu wa Amos, aliingia na kamba. "Hayo ni mapepo! Tumfunge, niite waombaji."

"Shemeji, utamuumiza!"

"Heri aumie kuliko atuue."

Habiba, au Mama Ikra, jirani mwenye duka na pia mhudumu wa afya wa mtaa, alisikia kelele akaja mbio. "Kibet, weka kamba chini!"

"Mama Ikra, wewe uza sukari. Haya ni mambo ya kiroho."

"Sukari nitauza. Kule Turbo nilikokulia, mama mmoja alifungwa hivi hivi. Waliimba mpaka akakata roho. Waliomfunga hunisalimia sokoni hadi leo. Sijasahau hata jina moja!"

Akawasha tochi ya simu, akamulika macho ya Amos. "Mboni yenye afya ikimulikwa hujifinya. Hizi zimekataa."

"Kwa nini?" Jemutai akauliza.

"Mboni ni tundu. Msuli umelizunguka kama uzi wa mdomo wa mfuko, na neva ndiyo huuamuru ukaze. Kuna sumu inayozuia amri isifike. Msuli huo ukilegea, ule mwingine wa kulipanua unavuta peke yake, tundu linabaki wazi. Sumu hiyo hiyo hukausha mate na jasho, huvuruga akili. Amekula nini?"

"Managu tu."

Habiba alipekua mabaki mabichi ya mboga, akainua jani pana lenye kingo za meno meno. "Hili si managu. Ni ule mmea wa maua meupe kama tarumbeta na matunda ya miiba. Kuchemsha hakuui sumu yake. Nani mwingine amekula?"

Jemutai mwenyewe hakuwa amekula; alikimbia jikoni. Binti yake Faith, wa miaka saba, alikuwa na sufuria mapajani, tonge likielekea mdomoni. Akalipiga likaruka.

"Umekula matonge mangapi?"

"Hii ndio ya kwanza, mama! Mbona unanipiga?"

Jemutai alimkumbatia.

"Baba Faith asipewe chochote wala asitapishwe, asije akapaliwa," Habiba akaagiza. "Bebeni jani, daktari alione."

Kibet alitupa kamba. Alimshika ndugu yake polepole, wakampandisha tuktuk. Njia nzima Jemutai aliweka mkono kifuani mwa Amos. Moyo ulikuwa ukikimbia kama unaotaka kutoka.

Hospitalini daktari aliliona jani, akaanza matibabu mara moja. Muuguzi akawaonya: "Si sumu tu. Hata mtu akigonga kichwa, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, msimwache alale mkingoja nafuu. Hospitali mbio."

Usiku huo Amos hakumjua mtu. Asubuhi ya pili akaita, "Mama Faith." Siku ya tatu alitoka, kofia imeshushwa usoni, mwanga bado unamchoma. Mboni hurudi polepole.

Siku hizi Jemutai huchambua mboga jani kwa jani. Jani asilolijua halipiki.

Jumapili baada ya Amos kutoka hospitali, Kibet alisimama mbele ya waombaji wale wale aliotaka kuwaita.

"Ombeni," akasema. "Lakini ombeni mkiwa ndani ya gari, mkielekea hospitali."

Mchana huo majembe kumi na mawili yaliingia kwenye ile ploti. Kibet na waombaji waling'oa ule mmea mpaka mizizi, wakaufukia. Hawakuuchoma. Hata moshi wake ni sumu.