Shimo Lisilojaa

Yaliyomkuta rafiki yangu mchora ramani, angeyasimulia mwingine ningesema ametia chumvi. Alipewa kazi ya kuchora kwa kompyuta mlima ulioporomoka na kumfukia kaka yake, yule mrefu aliyezoea kumwita Kibushuti kwa kuwa alimfikia begani tu. Mwili haukupatikana, na hakuna aliyeutafuta tena.

Kwenye ramani zao, shimo dogo huhesabiwa kosa la picha. Ukibonyeza, kompyuta hulijaza, ili maji ya mvua kwenye ramani yapate njia ya kuteremka. Mashimo yote ya mlima ule yakajaa isipokuwa moja, jembamba, urefu wa mtu.

"Lijaze tena bwana, tufunge ofisi," mwenzake wa kazini akasema, akatoka zake.

Rafiki yangu akabonyeza. Umeme ukakatika. Katika giza totoro akasikia udongo ukimwagika chini ya meza, taratibu, bila kukoma, kisha sauti aliyoijua tangu utotoni:

"Kibushuti, basi. Inatosha."

Umeme uliporudi, aliifungua ramani. Shimo lilikuwa wazi vilevile. Ubavuni mwake palikuwa na la pili, jipya, fupi, linalolifikia lile la kwanza begani.