Nyuzi Thelathini na Saba

Namba ya joto iligoma kwenye thelathini na saba.

Fundi Pampu aliipangusa skrini kwa kiganja, akaangalia tena. Nyuzi thelathini na saba. Na mashine yenyewe haikuwa imepumzika, la hasha! Asubuhi nzima alikuwa akiikimbiza, akiipandisha kasi hatua kwa hatua mpaka imepita kiwango cha kiwandani, na sasa mchezo ulikuwa unanguruma humo ndani, magari, moshi, milipuko, kila kitu kimefunguliwa mpaka mwisho. Kadi ya grafiki, ile inayochora picha za mchezo, ikiwa kwenye hali hiyo hufika themanini. Kuukuu kama ile hupiga hata tisini, ukiigusa unaacha ngozi. Hii ilikuwa na joto la kwapa la mtu.

"Baba, umeona? Imepoa!" Binti yake alipiga makofi. "Wewe mzee ni noma!"

"Nimeona," alisema, na hakuipenda. Miaka ishirini na miwili amefungua mashine za watu, hajawahi kukutana na kadi inayopigishwa kazi bila kutoka jasho. Lakini binti alikuwa anacheka, na huyo ndiye mtoto pekee aliyejaliwa. Basi na yeye akacheka.

Jina la Pampu alipewa na mtaa. Mafundi wengine wana vipulizio vya umeme vya kuondolea vumbi. Yeye alikuwa na mashavu. Alikuwa anashika kifaa, anafumba macho, anapuliza fuuu! mpaka vumbi la miaka mitano linaruka dirishani. Watoto walikuwa wanakuja kumchungulia. Binti naye alilelewa juu ya meza ileile ya kazi, kati ya bisibisi na nyaya, na kwa jinsi alivyokuwa mwepesi kwenye kibodi wakambatiza Vidole. Sasa ana miaka kumi na tisa, na timu moja ya wacheza gemu ilikuwa imemchagua kwa mashindano ya mwisho wa mwezi. Tatizo ni mashine yake. Memori ilikuwa ndogo, na picha ilikuwa inaganda pale pale anapotaka kufyatua risasi. Alishalia kwa hasira mara mbili, na baba mtu hakuweza kuvumilia mara ya tatu.

Memori alinunua mpya, vijiti vinne, bado vimo kwenye plastiki. Kadi kubwa ya grafiki, ambayo mpya hakuimudu bei, ndiyo iliyompeleka kwa mama mmoja muuza vyuma chakavu, ambaye alimtolea kadi iliyoviringishwa kitambaa kutoka chini kabisa ya sanduku.

"Hii ilikuwa kwenye ukumbi wenye mashine mia," mama yule alisema. "Zinafanya kazi usiku na mchana, hazizimwi. Siku moja zote zikaungua, na mlinzi wao humo humo. Ikabaki hii."

"Sasa mbona unanong'ona, mama?"

"Fundi, isafishe kwa brashi. Usiipulize kwa mdomo."

"Nikiipuliza?"

"Wewe usiipulize tu. Nakujua, Pampu."

Njia nzima alicheka peke yake. Ajabu ni kwamba alipofika alishika brashi kweli, akaisafisha kadi kona kwa kona, midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa. Kwa Vidole hakusema kitu. Angemwambiaje? Timu nzima ingejua kabla ya chai kwamba baba yake anaogopa kadi. Mteja akagonga mlango wa mbele, Pampu akaenda kumsikiliza, na aliporudi alikuta memori imeshachomekwa, kadi imeshachomekwa, kasha limefungwa.

"Nimemaliza, mzee. Unalala sana."

Pampu akampiga begani kumpongeza.

Siku tatu baadaye, wakiwa wanakula mchana, mama wa Vidole alimshika binti mkono ili ampokonye simu, akauachia haraka.

"Huyu mtoto mbona mikono kama samaki?"

"Nimeshika maji, mama."

Hakuwa ameshika maji. Kesho yake alivaa sweta wakati watu wengine wanatafuta kivuli. Kesho kutwa yake akaanza kutembea akiegemea ukuta. Mama akamwekea kipimajoto kwapani: thelathini na nne. Wakaenda zahanati, daktari akakitikisa chake, akabadilisha kingine, akapima upya, akawaambia wampe vinywaji vya moto na warudi baada ya siku mbili. Walirudi, na ilikuwa thelathini na tatu, na daktari akawaandikia barua ya kwenda hospitali kubwa. Huko nako walimlaza, wakamfunika, wakamchoma sindano, na kadiri walivyomweka mbali na nyumbani ndivyo alivyozidi kufifia, mpaka akaomba mwenyewe, kwa sauti ndogo, arudishwe karibu na mashine yake.

Wakamrudisha, wakamlaza kwenye kochi kando yake. Pampu alianza kukaa na ile mashine mchana kutwa, mlango ameurudisha. Kwanza ilikuwa harufu. Kasha la kompyuta lina harufu zake, vumbi lililopata moto, plastiki, rangi. Hili lilikuwa linatoa harufu ya kinywa cha mtu aliyetoka usingizini. Halafu ilikuwa feni. Feni huzunguka kwa sauti moja, lakini hii ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda, inatulia kidogo, inashuka, na baada ya kuisikiliza kwa muda mrefu aligeuka taratibu kumtazama binti yake aliyejilaza kwenye kochi chini ya mablanketi mawili, akaona blanketi linapanda, linatulia kidogo, linashuka, sambamba na feni, bila kupishana hata mara moja.

Namba kwenye skrini ilikuwa palepale. Thelathini na saba.

Alasiri hiyo, Vidole akiwa mezani analishwa uji na mama yake, Pampu aliingia chumbani, akabonyeza kitufe cha kuzimia, na feni ikaanza kupungua kasi, na kabla haijasimama alisikia kijiko kinaanguka sakafuni, kisha kiti, kisha mkewe akipiga ukelele ambao hajawahi kuusikia katika ndoa yao yote, naye Pampu akakibonyeza kitufe tena, na tena, akiibembeleza mashine, "washa, washa, nakuomba washa," mpaka taa ndogo ikapepesa na feni ikavuta, na huko mezani mtu akavuta hewa.

"Nilisikia kama mtu amenikalia kifuani," Vidole alinong'ona walipomwinua. "Mzito, baba. Ana joto."

Mganga aliletwa na mke wa Pampu, naye Pampu hakuuliza kutoka wapi. Alikuwa mwanamke mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na hakuchoma chochote wala hakuimba. Aliomba kiti, akaweka sikio kwenye kasha, akasikiliza muda mrefu mpaka chai aliyotengewa ikapoa.

"Huyu jini hakuwa na pumzi," alisema mwishowe, chini chini. "Amekaa kwenye moto miaka mingi anangoja apewe. Nani alimpa?"

"Hakuna!" Pampu alijibu. "Niliambiwa nisipulize, na sikupuliza. Nilitumia brashi. Naapa, mama, mdomo wangu haukuifikia."

"Kuna aliyempa."

Mlangoni alisimama Vidole, blanketi mabegani, ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

"Mimi, baba."

Pampu hakugeuka.

"Ulipoenda kwa yule mteja. Kulikuwa na vumbi kidogo pale pa kuchomekea, nikapuliza." Aliegemea fremu. "Si wewe ulinifundisha? Kitu hakichomekwi bila kupulizwa. Kila siku ulikuwa unasema."

"Kweli," Pampu alisema. Akakaa sakafuni. Neno moja tu lingetosha, usiipulize mwanangu, na alilimeza kwa kuogopa kuchekwa.

Mganga hakumpa muda wa kulia. Alieleza kwamba aliyetoa pumzi ndiye mwenye uwezo wa kuidai, basi kasha lifunguliwe bila kuzima, binti aweke mdomo palepale alipopulizia na avute, avute moja kwa moja mpaka feni isimame yenyewe, asipumzike katikati hata akiona kizunguzungu. Pampu alifungua skrubu. Vidole akapiga magoti. Akaweka midomo kwenye ile kadi, akavuta, na feni ikalegea, na namba kwenye skrini, ambayo wiki mbili haikuwa imesogea, ikawa thelathini na sita, thelathini na nne, thelathini, na mashavu ya binti yakaanza kupata rangi, na mama yake akawa anasema "vuta mwanangu, vuta mama, vuta," na ishirini na tano, na feni imebakiza mizunguko ya kuhesabika, unaona kila panga linavyopita, na Vidole mishipa imemtoka shingoni, macho yamemtoka, kifua kimejaa mpaka kinatetemeka, lakini kilikuwa kifua cha mtu mgonjwa, kifua cha nyuzi thelathini na tatu, na kikafika mwisho wake.

Akaachia.

Feni ilivuta mara moja, kwa nguvu, karatasi zikaruka mezani. Namba ikarudi mahali pake. Mganga alimdaka binti kabla kichwa hakijagonga meza.

"Arudie!" mama alilia.

"Akirudia atakwisha."

"Basi nivute mimi!" Pampu alikuwa ameshapiga magoti. "Mtaa mzima wananiita Pampu!" Akaweka mdomo kwenye kadi, akavuta kwa kifua chote alichopewa na Mungu, akavuta mpaka akaona nyota, na alichokipata ni vumbi. Alikohoa vumbi mpaka machozi yakamtoka.

Mganga alichukua mkoba wake. "Msiizime," alisema akiwa mlangoni, hakuweza kuwatazama. "Zaidi ya hapo sina."

Alipoondoka, katika ule utulivu, kitu ndani ya kasha kilicheka kwa furaha kabisa. "Baba, umeona?" kilisema kwa sauti ya Vidole, ile ya zamani, ya kabla ya kuugua. "Imepoa!"

Mashindano yalifika, yakapita. Timu ilichukua mtu mwingine. Pampu alifunga duka, akaunganisha betri tatu za akiba nyuma ya mashine ili umeme ukikatika isijue. Alijaribu kuishusha kasi, irudi kwenye kiwango cha kiwandani, ipumzike. Siku hiyo Vidole alishindwa kufumbua macho, ikabidi aipandishe tena palepale alipoipandisha mwanzo. Kwa hiyo inakimbia hivyo hivyo, usiku na mchana, kama ilivyokuwa ikikimbia kwenye ule ukumbi wa mashine mia.

Jumamosi moja, jua linaingia dirishani, alisikia mkwaruzo. Mdogo, krr, kisha kimya, kisha krr. Fundi yeyote anaujua. Mafuta yamekauka kwenye ekseli ya feni. Ni kazi aliyoifanya mara elfu, dakika tano, unachomoa hii unaweka nyingine. Lakini lazima mashine izimwe kwanza.

"Hiyo nini?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Vumbi tu, mama."

Kochini, Vidole alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anasikiliza. Mtoto wa fundi, amelelewa juu ya meza ya kazi, nani wa kumdanganya?

"Ni feni," alinong'ona. "Eti baba? Imebakiza wiki ngapi?"

Pampu alimshika ule mkono wa baridi, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.

"Nne, mwanangu. Tukiitunza."

"Tatu, baba," kasha likasema.