Bukari ya Mbele ya Wakwe

Katika mji wa Kamina watu hawatafuni bukari. Wanaimeza. Bukari ni ugali wetu wa unga wa mahindi na muhogo. Unamega, unaviringisha mkononi, unachovya katika mchuzi, unameza. Mtoto mdogo ndiye anayetafuna, na wakubwa wanamcheka. Nimekula Luena, nimekula Kinkondja kwa wavuvi wa ziwani, nimekula katika kampi za reli ambazo majina yake yamenitoka. Kote ni namna moja. Ukitafuna sana, jirani yako atakuuliza: "Weye, iko na mifupa?"

Basi katika kampi moja ya reli pale Kamina alikaa mzee Mukalay. Alikuwa mashinisti, mwendesha treni, mpaka alipostaafu. Alikaa na mke wake Lucienne na binti yao wa mwisho, Léa. Lucienne alikuwa na shamba dogo la muhogo nyuma ya kampi, na majani yake alipikia sombe. Léa alishona nguo. Mzee alitengeneza redio za majirani, hata zile zisizotengenezeka.

Kisha presha ilimpanda. Asubuhi moja alianguka karibu na kitanda. Mdomo ulienda upande. Mkono wa kuume na mguu wa kuume vililegea. Hospitalini wakasema ni kiharusi.

Kule hospitalini muuguzi mmoja, Mama Éliane, aliona jambo. Kila Mukalay alipokunywa maji, alikohoa. Akamwita Lucienne.

"Mama Léa, ona. Ile ugonjwa haikushika mukono na muguu tu. Imeshika na koo. Mu koo muko njia mbili. Moja ya chakula, moja ya pumuzi. Pale tunameza, njia ya pumuzi inajifunga. Ya baba inachelewa kujifunga. Chakula inaweza kuingia mu mapafu."

"Sasa atakula nini?" aliuliza Lucienne.

"Uji muzito. Sombe ya kutwanga sana. Samaki ya kuponda, bila mifupa. Akae wima, ashushe kidevu kidogo. Umupe kijiko kidogo. Ameze. Umungoje. Kisha njo umupe ingine. Na asiongee na chakula mu kinywa."

"Na maji?"

"Maji inakimbia mbio. Pika na unga kidogo, ikuwe nzito."

"Na bukari?"

Mama Éliane alitikisa kichwa. "Bukari inanata, na nyiye munaimeza nzima. Hapana kwanza. Tutaona mbele."

Lucienne alishika maneno yote. Nyumbani alimlisha mume wake kama alivyoambiwa. Lakini Mukalay hakutaka kuonekana. Alikula jikoni, nyuma ya nyumba, mlango umefungwa. Mtu akibisha hodi, Lucienne alifunika bakuli kwa kikwembe alichojifunga, wote wawili wakakaa kimya kama wezi. Kiharusi majirani walikijua, lakini habari ya koo hawakuijua.

Hata hivyo alipata nafuu. Kikohozi kiliisha. Nguvu zilirudi. Alianza kutembea na fimbo mpaka kwenye njia ya reli, kutazama treni ya mizigo ikipita. Vijana wa kazini walimpigia kelele: "Mashinisti! Unakuya lini tena?" Naye aliinua fimbo na kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Ningependa habari hii iishe hapo.

Wakati huo kijana mmoja, Dany, alitaka kumuoa Léa. Dany alikuwa mtoto wa base, yaani kambi ya jeshi ya Kamina. Baba yake, Bokungu, alikuwa askari aliyestaafu, mtu wa mkoa wa Équateur. Familia ya Bokungu ilituma neno: Jumamosi, siku ya posho, tutakuja kuwaona.

Mwenze, mdogo wake Mukalay, alitoka Luena kwa treni ili kusema kwa niaba ya ukoo. Alifika wakati wa chakula. Hakubisha hodi, maana ni nyumba ya kaka yake, Yaya kama alivyomwita. Akasukuma mlango wa jikoni.

"Yaya! Hii ni nini? Uji?"

"Ni chakula," alisema Mukalay. Maneno yake yalitoka polepole.

"Ya mutoto wa meno mbili!" Mwenze alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, aliacha. Akamgeukia Lucienne. "Shemeji, bakwe banakuya siku ya posho. Nani atamega bukari wa kwanza?"

Hapo lazima nieleze. Katika nyumba nyingi za kule, wanaume wanakula sahani moja. Mwenye nyumba anamega wa kwanza. Wageni wanangoja wamwone amemeza. Maana yake: chakula ni kizuri, na moyo wangu ni mzuri. Mwenye nyumba asipokula, mikono ya wageni inabaki mapajani.

"Weye njo utamega," alisema Lucienne.

"Minyi? Na mwenye nyumba anatuangalia? Batasema anaogopa sumu mu mikono ya bibi yake. Ao batasema iko na ugonjwa ya damu, na binti yake ataleta ile ugonjwa kwabo. Ni batu ya base, Shemeji! Batu ya kila mukoa banakutana kule. Habatujue. Kile bataona siku ya kwanza, njo kile batabeba."

"Mama Éliane alikataza."

"Mama Éliane njo anaoza binti?"

Léa alikuwa mlangoni. "Baba mudogo, tubaambie tu. Tuseme koo ya baba ni mugonjwa."

"Nyamaza, binti. Ni mambo yako tunatengeneza."

Lucienne alimtazama mume wake. Alingoja yeye mwenyewe akatae. Mukalay alisukuma bakuli la uji pembeni.

"Nitakula," alisema. "Kidogo. Minyi... siko mutoto."

Lucienne angeweza kubishana na shemeji. Lakini baada ya neno hilo, angesema nini mbele ya mdogo wa mume wake? Kwamba wewe ni mtoto? Alinyamaza, na kunyamaza huko kulimuuma kwa muda mrefu sana.

Jumamosi wageni walifika. Bokungu alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Wanaume walikaa barazani. Wanawake walikaa ndani, karibu na mlango. Bukari ilitoka moto, na samaki wa Kinkondja, na sombe, na nyama ya mbuzi. Mwenze aliomba Mungu. Kisha wote walimtazama Mukalay.

Mukalay alinyoosha mkono wa kuume. Ulikuwa bado mzito. Akamega kidogo, akachovya, akameza. Ikapita.

Bokungu alitabasamu, mikono yote ikaingia sahanini. Mukalay alimega mara nyingine. Ikapita tena. Ndani ya nyumba Lucienne alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa vidole.

"Papa Mukalay," alisema Bokungu, "nasikia ulipelekaka treni usiku na taa ya mbele imekufa. Ni kweli?"

Ilikuwa habari aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa na tonge kinywani. Mtu mwenye koo zima angejibu na tonge shavuni, bila shida. Yeye alifungua mdomo ajibu, na tonge likaingia njia ya pumzi.

Hakuna sauti iliyotoka. Mtu aliyekabwa kweli hapigi kelele. Macho yalimtoka, midomo ikabadilika rangi.

"Maji!" Mwenze alisimama. "Mumupe maji!"

Wakammiminia kikombe. Maji yalirudi kwa pua. Lucienne alitoka ndani, akapita katikati ya wanaume bila kuomba ruhusa. Alimwinamisha mume wake mbele, akampiga mgongoni, katikati ya mabega, kwa kisigino cha mkono. Akapiga tena na tena, kwa nguvu. Tonge likaanguka juu ya mkeka. Mukalay akavuta pumzi, ikalia kama mlango wenye kutu.

Mwenze akacheka haraka.

"Yaya anakulaka mbio, sawa treni yake!"

Wageni wakacheka kwa adabu. Bokungu hakucheka. Na Mukalay, kwa sababu wote walikuwa wanamtazama, alinyoosha mkono akamega tena.

Nimeona watu wakifanya mambo mengi ya hatari kwa ajili ya njaa. Lakini yule hakuwa na njaa.

Wageni waliondoka kwa furaha. Ndoa ilikubaliwa. "Munaona?" alisema Mwenze. "Hakuna kitu." Lucienne peke yake alisikia kwamba sauti ya mume wake imebadilika. Ilikuwa ya majimaji, kama mtu anayesema huku anasukutua. Hakujua kwamba hiyo ni dalili. Alimfunika blanketi, akafikiri ni uchovu.

Jumatatu alikuwa na homa kali. Kifua kilipanda na kushuka kwa shida. Wakamrudisha hospitalini. Mapafu yalikuwa yameshikwa.

Mama Éliane aliita jamaa wote nje ya chumba.

"Nani alimupa bukari?"

Mwenze alirudi hatua moja nyuma.

"Sitafute mutu wa kufunga," alisema Mama Éliane. "Nataka mujue. Ile tonge ya kumukaba ilitoka, mama alifanya vizuri. Lakini ingine kidogo, pamoja na maji, ilishuka mu mapafu. Mu mapafu chakula inaoza, njo inaleta homa. Mutu akikabwa, musimupe maji hata kidogo. Mumuinamishe, mupige katikati ya mabega. Na mugonjwa sawa huyu, mukisikia anakohoa pale anakula, ao sauti inakuwa ya maji, ao homa inapanda, mumulete siku ile ile."

"Minyi njo nilisema alete mukono mu sahani," alisema Mwenze kwa sauti ndogo. "Nilisema kula uji mbele ya bakwe ni haya."

Mama Éliane alimshika bega. "Na minyi nilikosa. Nilielezaka mama peke yake. Mama peke yake atashinda namna gani baraza ya banaume? Ilifaa nikuite na weye."

Mukalay hakufa. Dawa ilimsaidia. Lakini alilala sana, na kulala kulikula miguu yake. Alipotoka hospitalini hakuweza kusimama. Mama Éliane alimfundisha Léa kumnyoosha miguu kila siku. Léa alifanya hivyo bila kuchoka. Miguu haikurudi. Treni ya mizigo aliisikia tu, akiwa amekaa.

Bokungu alikuja kumwona, na mkewe, na kuku. Lucienne alimweleza yote. Hakuficha kitu tena. Bokungu alisikiliza, kisha akashika kichwa.

"Lakini Mama, mama yangu muzazi alikuwaka vile vile! Alianguka, koo ikakataa. Tulimupikia uji mpaka mwisho wa maisha yake. Kama mulituambia siku ile, minyi mwenyewe ningemushikia kijiko."

"Tuliogopa mutasema ugonjwa iko mu damu," alisema Lucienne.

"Nani alituuliza?"

Mwenze alikuwepo. Aliinuka, akaenda nje, akakaa peke yake mpaka chai ikapoa. Yeye na mimi tumejuana zamani, na najua hana moyo mbaya. Alitaka kaka yake aheshimiwe. Alijali macho ya wageni asiowajua kuliko koo la kaka yake mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo, mlango wa jikoni haukufungwa tena. Mukalay alikula barazani, mbele ya watu wote, na kijiko chake. Kwanza watoto wa kampi walikuja kumkodolea macho. Kisha walichoka, wakarudi kwenye mpira wao. Jirani mmoja, Jeannine, alisimama akaangalia namna Lucienne anavyolisha, akasema: "Kumbe! Mama yangu pia anakohoaka na maji." Kesho yake alimpeleka kwa Mama Éliane.

Mukalay hakushikwa tena na kifua. Mashavu yalijaa. Hata sauti yake ilianza kuwa safi.

Ikaja siku ya karamu ya ndoa ya Léa. Watu wa reli na watu wa base walijaa uani. Mwenze alikuwa ametoka Luena mapema. Alikuwa amekwenda kwanza kwa Mama Éliane, yeye mwenyewe, akauliza kila kitu kuhusu kijiko na kidevu, mpaka yule mama akacheka.

Bukari iliwekwa. Wageni walingoja, mikono mapajani. Mwenze alisimama.

"Bakwe, hapa mwenye nyumba anafungua chakula na kijiko. Koo yake ni ya kungojewa. Akimeza, njo tutakula."

Alikaa karibu na kaka yake, akamweka wima, akachota uji kidogo. Mukalay alishusha kidevu. Akameza. Hakukohoa. "Mungu iko!" alisema Bokungu kwa sauti yake ya jeshi, na mikono ikaingia sahanini, na kelele za karamu zikaanza.

Katikati ya kelele hizo Mwenze aliinama.

"Yaya. Kama nilinyamaza ile siku, leo ungesimama. Ungemushika Léa mukono."

Mukalay alimtazama binti yake akicheza kule mbele na mume wake. Alikuwa na uji kinywani, basi hakujibu. Alimeza kwanza.

"Na minyi," alisema, "kama nilisema hapana."

Kisha mzee akafungua mdomo. Mwenze akachota kingine, kidogo, akampa, akangoja.