Nilimpa Shoga Yangu Panya Bila Kumwandikisha

Nina miaka thelathini na tisa, nakaa Mwananyamala, na kazi yangu ni kuzalisha panya... Mnacheka? Chekeni tu!

Si hawa wa darini. Ni panya weupe wa maabara, waliobadilishwa vinasaba ili tuchunguze selimundu, ugonjwa uliomwondoa mdogo wangu. Miaka minne mie na bosi wangu tulihangaika nao. Wafadhili walitupa sharti: kila mtafiti anayeomba kwa maandishi agawiwe, na majina yetu yabaki kwenye kumbukumbu za panya hao.

Basi akaja Rukia, shoga yangu tangu madrasa, anayefanya kazi maabara nyingine huko Temeke. Akataka jozi mbili. Nikatoa fomu. Akanuna! "Wee Mwanaidi, mie wa kuniandikisha?"

Nikaona haya. Kwetu sie ndugu haandikishwi. Sahani ya futari inavuka ukuta bila risiti. Nikairudisha fomu kwenye droo, nikampa panya. Bosi sikumwambia.

Haikupita miezi mingi, maradhi yakaingia chumba chetu cha panya. Ikabidi tuwaue panya wote... wote! Nililia kama mfiwa. Kisha nikakumbuka, si wapo kwa Rukia?

Nikapiga simu, hapokei. Nikamfuata kwake. Hata karibu hakunipa! Alinambia pale pale mlangoni kwamba panya wale ni wa maabara yake, na ufadhili mpya wa kuwazalisha na kuwagawa keshapata yeye. Jina langu? Halipo! Ushahidi ningeutoa wapi, na fomu niliirudisha mwenyewe?

Nikamweleza bosi ukweli. Alinigombeza, nikapewa barua ya onyo. Stahili yangu.

Lakini mie si wa kukalia machozi! Ufadhili wake nao una sharti lile lile la kugawa. Tukaandika maombi, nakala kwa wafadhili. Angeninyima vipi?

Juzi nimeenda kuwachukua. Rukia akanisogezea fomu, hanitazami usoni. Nikasaini kupokea panya niliowazalisha kwa mikono yangu... Iliniuma! Lakini nimeondoka nao kichwa juu, na kazi ya selimundu inaendelea.

Wasomaji wenzangu, wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari. Andikishaneni! Akinuna, mwache anune. Siku ile ningemwacha Rukia anune, leo panya wangekuwa na jina langu, na mie ningekuwa bado na shoga.