Miche Iliyoipa Taa Mgongo

Asubuhi ile Mwanvua alikuta miche yake ya nyanya imeipa taa mgongo.

Alisimama mlangoni, mkono bado umeshika pazia. Mche hufuata mwanga. Ndiyo maana kila alfajiri, akishasali, aligeuza bidoni, yale madumu ya mawese aliyoyapasua na kuyajaza udongo, ili miche isikue imepinda. Jana aliigeuza. Sasa yote ilikuwa imeinama upande mmoja, mbali na taa, kuelekea ukutani. Nyuma ya ukuta ule alilala binti yake Kaoutar, mtoto wa miaka sita.

Akasema Bismillahi, akaigeuza tena. Chumba kilinuka nyavu mbichi.

Kilikuwa chumba kisicho na dirisha. Ziwa lilipopanda na kumeza kitalu chake cha Rumonge, aliiingiza miche humo na kuitundikia taa za mumewe, Faridi, zile taa nyeupe za betri ambazo wavuvi huning'iniza juu ya maji ili ndagala, wale dagaa wa ziwani, wapande. Miezi minne nyuma mtumbwi wa Faridi ulionekana umepinduka karibu na Magara, taa zikiwa bado zimefungwa kwenye miti yake. Faridi mwenyewe hakuonekana.

Wavuvi wenzake walikuwa na desturi yao. Taa ya aliyezama hurudishwa ziwani, huwashwa pale alipopotea, mwenyewe huombewa dua, kisha taa huachwa mpaka izimike yenyewe. Walipokuja kuzichukua, Mwanvua aliwazuia mlangoni. Aliwaambia kwamba mtu aliye hai haombewi dua ya maiti.

Kwenye ushirika wa wakulima alifundishwa kwamba mche nao hulala, kwamba taa zizimwe kila usiku. Yeye hakuzima. Tena mlango wa nje wa chumba kile, unaotazama ziwani, aliuacha wazi kidogo. Hakumwambia mtu sababu. Alitaka Faridi, popote alipo, auone mwanga wa nyumbani.

Siku ya tatu jirani yake Zipora, mwanamke wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, alikuja kuomba miche michache. Alichungulia, akacheka.

"Mama Kaoutar, umezikosea nini hizi nyanya? Hata bwana yangu akinuna hanipi mgongo hivi."

Kisha akamwona Kaoutar, kicheko kikaisha. Mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, sikio ameliweka ukutani. Shingo yake ilikuwa imerefuka na kupauka, kama mche ulionyimwa mwanga. Mwanvua alieleza kwamba amempeleka kwenye kituo cha afya mara mbili, damu imepimwa, malaria haikuonekana.

"Dada, huyu mutoto haiko na homa," Zipora alinong'ona. "Mimi nitamwombea kanisani kwangu. Lakini wewe ita shehe wako, leo hii."

Alipoondoka, Mwanvua alipiga magoti kando ya mwanawe.

"Unasikiliza nini, mama?"

"Baba iko anaongea."

"Anasemaje?"

"Anasema maji ni baridi. Anasema nisogee."

Kabla hofu haijamfika, moyo wa Mwanvua uliruka kwa furaha, na furaha ile ndiyo iliyomtia aibu baadaye. Aliingia chumba cha miche, jua la alasiri likiwaka nje, akaweka sikio ukutani kwa upande wa pili, akasikia maji yakipiga ubao wa mtumbwi, polepole, karibu kabisa, ndani ya matofali makavu, na udongo wa bidoni ambao hakuwa ameumwagilia tangu jana ukaanza kudondosha maji sakafuni, na katikati ya matone yale sauti ya Faridi ikamwita kwa jina lake, sauti ile ile aliyoizoea, ila haikuwa na pumzi.

Shehe Radjabu alifika kabla ya magharibi. Alikuwa mvuvi kabla ya kufundisha watoto Kurani. Aliketi katikati ya bidoni, akasoma Ayatul Kursiyu. Alipoisoma mara ya tatu miche yote iligeuka kwa pamoja, ikichakarisha majani, ikamwelekea yeye. Akaacha kusoma. Akauliza taa zile ni za nani. Mwanvua akamweleza yote, hata habari ya mlango.

"Binti yangu," alisema taratibu, "taa huita. Haichagui inayemwita. Sisi tuliita ndagala, na waliokuja hawakuwa ndagala peke yao. Huyu si Faridi. Faridi yuko kwa Mola wake. Zima."

"Nikizima, atarudi vipi?"

Upande wa pili wa ukuta ilisikika ngozi ikiburuzwa juu ya matofali. Mwanvua alikimbilia huko. Kaoutar alikuwa amejibana ukutani, paji la uso likichubuka, akijisukuma kama anayetafuta kupita. Alimvuta, hakuweza. Mtoto alikuwa mzito kama nguo zilizolowa.

"Mwanvua," sauti ilisema kutoka ukutani, "usinizimie taa."

Alirudi chumbani akilia. Akashika waya wa betri. Kwa miezi minne watu walikuwa wamemsomea maneno ya msiba, naye akayakataa. Sasa aliyasema mwenyewe, neno moja moja.

"Inna lillahi. Wa inna ilayhi. Rajiun."

Akang'oa waya.

Gizani, nyuma ya ukuta, Kaoutar alilia kama mtoto aliyeamka, akaomba chakula.

Jioni ile ile shehe na wavuvi walizipeleka taa Magara. Mwanvua akaingia eda. Miche ilinyauka yote, akaimwaga.

Siku ya nne baada ya hapo Kaoutar aliketi uani akila ugali, mashavu yamerudi. Jua la asubuhi lilimpiga kisogoni. Mwili wake ulikuwa umeinama kidogo, kuelekea ziwani. Mwanvua alimshika mabega, akamgeuza.

Kesho yake, akishasali alfajiri, akamgeuza tena.