Mpingaji wa Arobaini na Tano

Jumanne, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, Verna Stidham alifungua tovuti ya bunge la jimbo, kama alivyofanya kila asubuhi tangu Januari, akaandika namba 318. Muswada huo ungeilazimisha kampuni ya makaa ya mawe kuwatibu wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi. Kamati ingeujadili siku hiyohiyo, saa nane mchana.

Jana asubuhi wapingaji waliojiandikisha kwenye ukurasa huo walikuwa watatu. Leo sitini na wanne. Wa arobaini na nne: Otis Stidham, mchimbaji mstaafu. Anapinga.

Otis alikuwa mumewe. Ana miezi minne kaburini, na kilichompeleka huko ni vumbi hilohilo.

Kikombe cha kahawa kiligonga ukuta. Verna akampakia mbwa wake kwenye pikapu, akashuka milima kwa saa mbili nzima hadi jengo la bunge.

“Nani kamwandika maiti wangu?” alimuuliza Dwight Mullins, karani wa kamati.

“Punguza sauti, mama. Mimi siandiki mtu. Kila mtu anajiandikisha mwenyewe, kwenye kompyuta ile pale mlangoni.”

“Otis alifufuka saa ngapi?”

Dwight akafungua kumbukumbu za kompyuta, akasoma kwa sauti. Majina sitini na moja yaliingizwa Jumatatu, kati ya saa tisa na dakika mbili na saa kumi na nusu alasiri. Kompyuta moja. Bila kupumzika.

Wakati huohuo akapita Bwana Prewitt, anayeitetea kampuni humo bungeni, tai yake ikimeta.

“Wewe!” Verna akamnyooshea kidole.

“Pole kwa msiba, mama, lakini saa hizo nilikuwa nahojiwa na kamati ya barabara. Video iko kwenye tovuti hiyohiyo unayoipenda.”

Verna akaitazama yote. Kweli, jamaa alikuwa anatoka jasho mbele ya kamati, saa tisa kasorobo hadi saa kumi na moja. Ilimuuma kwamba safari hii mtu huyu hakudanganya.

“Nichapie orodha,” alisema.

Chini ya Otis palikuwa na jina jingine: Kanali Boone Stidham, mstaafu. Anapinga. Verna akacheka kicheko kikali hadi Dwight akasogeza kiti nyuma.

“Huyu nani, shemeji yako?”

“Mbwa wangu. Yuko nje kwenye gari.”

Kanali alikuwa mbwa ambaye Otis aliapa kwamba aliwahi kutoka kanisani katikati ya mahubiri kwa sababu hakukubaliana nayo. Lakini jina lake liliandikwa mahali pamoja tu duniani: daftari la gari la kupiga picha za kifua bure, Julai iliyopita. Kila aliyejiandikisha alipewa donati moja. Otis alitaka mbili, akamwandikisha na mbwa.

Na daftari lile hukaa na nesi wa gari, Loretta Sizemore. Verna akamtajia Dwight jina hilo.

“Loretta?” Dwight akanong’ona. “Ni shahidi wa kampuni leo.”

Saa nane na dakika tano, mwenyekiti Haskell alikohoa. “Wachimbaji wenyewe wanapinga. Naona tuuweke kando.”

Mlango ukafunguka.

“Mheshimiwa,” Verna alisema, kamba ya Kanali mkononi, “mpingaji wa arobaini na tano amefika.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Kanali akakaa. Loretta hakucheka. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake.

“Toa daftari, Loretta. Majina yamo humo kwa mpangilio uleule wa orodha hii, pamoja na mbwa.”

“Kampuni ndiyo inayoliendesha gari lile, Verna!” Loretta akalia. “Waliniambia muswada ukipita, gari linaegeshwa. Nani angewapima watu wetu?”

“Uliuona mwenyewe ule weusi kifuani mwa Otis. Halafu unamfufua aje kusema vumbi halina kosa? Kumpima mtu ili umsaliti, hiyo ndiyo huduma?”

Loretta akaliweka daftari mezani. Mwenyekiti akalifunua, akalilinganisha na orodha, uso ukamwiva.

“Yafutwe yote sitini na moja. Tunapiga kura leo.”

Dwight akamsogelea Verna. “Au nimbadilishe Otis, aonekane anaunga mkono?”

“Usithubutu. Hakuna wa kumsemea tena, hata la kweli. Mfute. Niandike mimi: Verna Stidham, naunga mkono, na niko hai.”

Saa tisa na dakika kumi ukurasa wa 318 ulibadilika: umepita kwenye kamati, kura saba kwa nne. Verna aliusoma mara mbili bila kutabasamu, kisha akaenda kumnunulia Kanali donati.

Mbili.