Ndege Iliyotoka Kwenye Sufuria

Siku ile Nthenya aliamka na kazi zake za kila siku. Akamkatia mtamba wao wa ng'ombe nyasi, akaloweka sare za shule, akaanika mahindi ya muthokoi aliyoyakoboa. Kwao Kathiani shamba liko kwenye mteremko, na mwanamke akikaa chini kidogo kazi humporomokea. Nyuma ya jikoni, chini ya bati, mumewe Masila alikuwa anachonga ndege.

Haikuwa kazi ya ajabu. Masila alikuwa mchongaji tangu ujana wake, na kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa na kovu refu alilotiwa na tezo alipokuwa akijifunza. Siku nyingi alichonga twiga na vifaru. Safari hii Bartholomew, mwenye hoteli kule Lukenya, alimletea picha ya ndege ya kivita iliyoanguka vilimani hapo juu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alitaka mfano wake wa kuweka ndani ya kioo, urefu wa mkono wa mtu, na uwe sawasawa na siku ile ndege ilipoanguka. Matundu ya risasi yaonekane kwenye bawa la kushoto, na bawa lenyewe liwe limevunjika.

Masila aliuchonga mwili wa ndege kwa mti wa jakaranda, akaupiga msasa hadi ukawa laini kama yai. Rafadha ya mbele ilizunguka ukiipuliza. Kifuniko cha rubani alikikata kwenye chupa ya soda. Ilibaki ngozi ya ndege tu. Alijaribu rangi ya fedha, lakini ndege ikaonekana kama kitu cha mtoto kuchezea. Alitaka bati la kweli, na bati la kweli lilikuwa jikoni kwa mama yake.

Mama yake, Mbithe, alikuwa na sufuria nyepesi isiyopikiwa watu. Ilining'inia ukutani imefunikwa mdomo chini. Mvua za kwanza zikinyesha, Mbithe alipika uji ndani yake, bila chumvi wala sukari, akaumwaga nyuma ya ghala kabla mtu yeyote hajala. Kabla jua halijapanda, uji huo ulikuwa umeisha. Nthenya hakuwahi kuuliza umeliwa na nini. Masila, ambaye ni shemasi kanisani, aliita mambo hayo ushenzi.

Basi mama alipoenda mkutano wa akina mama wa kanisa, Masila aliitungua sufuria, akaikata kwa mkasi wa bati, akaigongagonga mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, na kuivisha ndege.

Mbithe aliporudi, alikuta mkono wa sufuria umetupwa mlangoni. Hakupiga kelele. Aliketi chini na kitambaa chake cha kanisa kichwani.

"Masila," akanong'ona, "umekata sufuria ya mtu."

"Ya mtu gani, mwaitu? Si ni yetu?"

"Ya rubani."

Kisha akawaambia. Ndege ilipoanguka, baba mkwe wake Muindi ndiye aliyefika wa kwanza. Rubani alikuwa hai. Alikuwa ameshikilia ubavu wa ndege kwa mikono yote miwili, na Muindi alilitaka lile bati. Alimwambia aachilie. Hakuachilia. Muindi akaikata mikono yake kwa panga, mmoja, kisha mwingine, na mtu yule akamwagika damu hadi akafa akimwangalia. Bati likapelekwa kwa mhunzi, likawa sufuria. Mtoto wa kwanza kulishwa kutoka ndani yake alikufa siku hiyo hiyo. Tangu hapo uji ukawa wa rubani.

Masila akacheka. "Kwa hivyo mmempikia mzungu uji miaka yote hii, na hajawahi hata kusema asante?"

Hata Nthenya alicheka. Mbithe hakucheka.

Kesho yake mchana, jua likiwa kali, Masila alitia msumari motoni na kuanza kutoboa matundu ya risasi. Nthenya alikuwa akichagua mahindi. Msumari ulilia tss, na zizini mtamba akalia. Tss. Mtamba akalia tena. Nthenya alidhani ni mbung'o. Alipokwenda kuangalia, alimkuta mnyama amepiga magoti. Kwenye ubavu wa kushoto, kutoka begani hadi pajani, kulikuwa na mstari wa matundu madogo yenye kingo zilizoungua. Yalinuka manyoya yaliyochomwa. Kisha damu ikatoka kwenye matundu yote kwa pamoja, kama bomba lililotobolewa.

Alikimbia hadi kwa mumewe. Akasimama ghafla.

Ndani ya ndege, chini ya kile kifuniko kilichokatwa kwenye chupa, alikuwa ameketi mtu.

"Umemchonga saa ngapi?"

"Nani?"

"Rubani."

Masila aliinama akatazama. "Mimi sijachonga mtu," akasema polepole. "Bartholomew alitaka kiti kitupu."

Mikono ya kile kijitu iliishia kwenye vifundo, yote miwili. Ncha zake zilikuwa nyekundu. Jakaranda haina wekundu.

"Baba Mutheu, wacha hiyo kazi. Ng'ombe anakufa."

"Imebaki bawa tu," akasema. Hakumwangalia. Aliinua koleo, akalibana bawa la kushoto, akaanza kulikunja.

Binti yao Mutheu alikuwa bombani akisuuza sare. Akapiga yowe.

Nthenya aligeuka. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa unapinda, hapo katikati ya kiwiko na kiganja. Hakuna aliyemgusa. Ulipinda kuelekea nyuma. Ngozi ilikuwa imevutika hadi ikawa nyeupe.

Nthenya alimvuta mumewe. Hakusogea. Alimng'ata bega hadi akaonja damu. Hakusogea. Aliokota mchi akampiga nao mgongoni, na ilikuwa kama kupiga nguzo. Bawa likalia kra. Mfupa ukajibu.

Panga lilikuwa juu ya meza. Akalishika.

Angeipiga ndege, angekuwa amemkata nani? Hilo alilifikiria, hata katika saa hiyo. Ndege haikuguswa. Kilichobaki ni ule mkono ulioshika koleo.

Akapiga. Panga likakwama kwenye mfupa. Akaling'oa, akapiga tena. Damu ikamrukia machoni. Koleo ikaanguka.

Bombani, mkono wa Mutheu ukanyooka.

Masila alitazama kigutu chake kama mtu aliyeamshwa usingizini. "Mama Mutheu," akasema, "umenifanya nini?"

Alimfunga kwa leso akakaza. Jirani yao Musili akawakimbiza hospitalini kwa pikapu, na huko wakasema ni ajali ya msumeno. Daktari akauliza, "Na mkono wenyewe uko wapi?" Musili akarudi kuutafuta. Aliipata koleo, akaipata damu. Alichekecha maranda yote kwa chekeche la mchanga. Mbwa alikuwa amefungwa tangu asubuhi. Mkono haukupatikana.

Masila hachongi tena. Bartholomew alipokuja, Nthenya alimwambia kazi iliharibika. Ndege haiwezi kuchomwa, haiwezi kutupwa, haiwezi hata kuanguka bila mtu kuumia, kwa hiyo imelazwa kwenye sanduku la bati juu ya blanketi, na ufunguo Nthenya anao shingoni. Mvua za kwanza ziliponyesha, Mbithe alipika uji katika sufuria ya kawaida, akaumwaga nyuma ya ghala. Kuku waliuzunguka wasiuguse. Ukakaukia hapo hapo.

Siku hiyo Nthenya alifungua sanduku kupangusa vumbi.

Rubani alikuwa na mkono wa kulia. Ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, na ulikuwa mweusi kuliko uso wake. Nthenya alisogeza uso wake karibu hadi pumzi yake ikakitia kifuniko ukungu. Akakipangusa. Kwenye kidole gumba palikuwa na kovu refu.

Akautazama ule mwingine. Wa kushoto ulikuwa bado kigutu.

"Mama," Mutheu akaita kutoka bombani, "huu mkono umeanza tena kuniuma."